Toleo Kamili

Ignas hakuwahi kufungua kasha la filamu kwa papara. Alinawa mikono kwanza, akaikausha, akaukata utando wa plastiki kwa kiwembe pembeni kabisa ili kava lisipate mkwaruzo, kisha akalinusa. Mkewe, Diana, aliyekuwa akichambua dagaa sebuleni hapo hapo, alisema kwamba hata barua ya posa yake haikupata heshima hiyo. Ignas alicheka. Kwenye kava palikuwa na ngazi ndefu, mwanamke mwenye gauni jeupe, na maandishi ya dhahabu yaliyotangaza kwamba hili, hatimaye, ndilo toleo kamili.

Lilikuwa la nne kutangazwa hivyo.

Filamu yenyewe ilitengenezwa Ulaya kabla Ignas hajazaliwa, picha za nyeusi na nyeupe, na huko kwao ina jina refu ambalo watu wa Ujiji hawakujisumbua kujifunza. Wao waliiita Mwanamke wa Ngazini, wakamaliza. Ndani ya jumba kubwa mama mmoja amefariki, na kila usiku anateremka ngazi, taratibu, kuelekea chumba alicholala mwanawe. Watumishi wanakimbia, padri anakimbia, hata mbwa anakimbia. Kwa wanaozipenda filamu za kutisha za zamani, hiyo ni lulu, na kampuni inayoimiliki inalijua hilo vizuri mno. Kila baada ya miaka michache huitoa upya na kuwakamua tena wale wale.

Toleo la kwanza lilikatwa juu na chini ili lienee kwenye televisheni, hivyo wahusika wengi walizungumza bila vipaji vya nyuso. La pili kampuni iliona vema kulitia rangi, na gauni la marehemu likageuka buluu kama sare ya shule. La tatu lilifungwa lisichezwe Afrika. Ignas aliitumbukiza diski kwenye deki, deki ikamwandikia kwamba yuko eneo lisiloruhusiwa, naye akakaa akijiuliza ni nani aliyemuuliza alipo. Katika kundi lao la simu, lenye wakusanyaji kutoka Bujumbura mpaka Tanga, mambo hayo yalizua ugomvi wa wiki nzima. Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye angeweza kukesha akilalamikia weusi wa kivuli. Ignas alimwelewa. Mchana alikuwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mtu anayejua kwamba kitu kikirudishwa na kipuri kimoja pungufu hakijarudishwa.

Akaweka diski. Hakuangalia mwanzo, aliipeleka mbele hadi penye ngazi. Picha ilikuwa safi kupita kiasi, poda ikionekana usoni mwa mwanamke, na uzi uliovuta pazia ukionekana pia. Mwanamke akateremka. Akafika mlangoni pa chumba cha mtoto, akaweka mkono kwenye kitasa.

Jogoo akawika. Asubuhi. Mtoto mezani, anakunywa maziwa.

"Wamekata tena," Ignas akasema, na kuzima.

Diana aliacha dagaa. Alikwishamwona mumewe akikasirikia matoleo yote yaliyotangulia, lakini safari hii hakuona hasira, aliona mtu aliyechoka. Alijua ni kwa nini, kwa sababu alisimuliwa kabla hata ya kuolewa.

Ignas alikuwa darasa la pili mama yake alipofariki kwa homa. Baba alikuwa kambi ya dagaa, mbali, na hakuwahi mazishi. Siku chache baada ya matanga, yeye na dada yake Winfrida wakiwa wamenyolewa vichwa kama ilivyo desturi, shangazi aliwatoa nje ya vilio na kuwapeleka wakakae kwenye banda la video la Hamdani, kule Ujiji. Mchana ule ilikuwa inaonyeshwa Mwanamke wa Ngazini. Winfrida alipomwona marehemu anateremka, alitoka mbio hadi barabarani. Ignas alibaki, kwa sababu miguu ilikataa. Na akaona kile ambacho dada yake hakukiona: mlango unafunguka, mwanamke anaingia, hamnyongi mtu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmekula, wanangu?" Kisha anasema, "Laleni. Mimi niko hapa mlangoni."

Usiku ule Ignas alilala, mara ya kwanza tangu msiba. Winfrida hakulala, na tangu hapo hakutaka mama yao atajwe. Sasa alikuwa Simbo na michikichi yake na watoto wake wakubwa, mwanamke mchangamfu kwa kila jambo isipokuwa hilo moja. Ukilitaja, anatafuta mwiko wa kuosha. Ignas alikwisha kumwahidi zaidi ya mara moja kwamba ataipata sehemu ile na kumwonyesha. Hakuwa anatafuta filamu. Alikuwa anamtafutia dada yake usiku mmoja wa usingizi, na huko kampuni walikuwa wanamwekea jogoo.

Alikwisha kuwaandikia. Walimjibu kwa adabu kwamba katika nakala zao zote, hata ile ya asili, hakuna tukio kama hilo. Ignas aliliweka jibu lile kwenye kundi, wakalicheka pamoja. Kampuni iliyompaka marehemu buluu ilikuwa haina sifa ya kuaminiwa.

"Lakini kwenye filamu mtoto ni mmoja," Diana alisema sasa, polepole. "Mbona anauliza 'wanangu'?"

"Wa pili naye watakuwa wamemkata."

Diana alirudi kwenye dagaa wake. Kisha, bila kuinua kichwa, akamwambia kwamba badala ya kuwaandikia Wazungu angekwenda kumuuliza mwenye mkanda.

Hamdani alikuwa hai, na wala si mbali. Banda lilipokufa alihamia Mwandiga, akafungua duka la mabati, akanenepa. Alimpokea Ignas kwa furaha ya mtu ambaye hajaulizwa kuhusu ujana wake kwa siku nyingi. Mikanda yake alikuwa nayo, imepangwa stoo nyuma ya misumari, na deki ya zamani ilikuwepo pia, ingawa ilihitaji kupigwa kofi. Ignas aliichomoa Mwanamke wa Ngazini kutoka kwenye kasha lake la karatasi lililopauka. Mkanda huu ndio aliouona. Si nakala, ni wenyewe, uliovuka ziwa kutoka Uvira na sauti za Kifaransa.

Wakautazama kwenye televisheni ndogo ya dukani. Mwanamke akateremka ngazi. Akaweka mkono kwenye kitasa.

Chenga. Skrini nzima ilijaa chenga na mlio wa mvua juu ya bati, zikaendelea, zikaendelea, hadi Ignas akadhani deki imekufa. Kisha mtoto akatokea mezani, anakunywa maziwa.

"Hapo pameharibika?" aliuliza.

"Pameharibika tangu mkanda ulipokuja," Hamdani akasema. "Deki ya huko iliula. Siku zote palikuwa hivyo, kaka. Sasa utawaambia watu waliolipa watazame chenga? Ndiyo maana nilikuwa na Mama Elida. Alikuwa anawafasiria Kifaransa, na pakifika hapo anaendelea tu mwenyewe."

Ignas alishukuru, akaaga, akapanda pikipiki yake. Alipofika njia panda ya Mwandiga alisimama kando na kuzima injini, kwa sababu alikuwa haoni barabara vizuri. Aliuona mkono ule juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa ameuona, kwa macho yake, miaka yote hii, na ulikuwa haupo. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga palikuwa na hofu ya kitoto kabisa. Kama mwanamke yule hakuingia chumbani, basi hakujua ni nani aliyemlaza usiku ule.

Mama Elida alikuwa anauza mawese kwenye baraza ya nyumba yake Ujiji, madumu mekundu yamepangwa miguuni. Alizaliwa Kalemie, akaolewa upande huu akiwa binti, na Kiswahili chake kilikuwa bado na ladha ya ng'ambo. Ignas alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kiti. Alieleza shida yake yote, matoleo manne, kampuni, chenga, na bibi akasikiliza hadi mwisho kwa uso mkavu. Kisha akaangua kicheko hadi akajishika mbavu.

"Uliwaandikia Bulaya kwa sababu yangu?"

"Niliwaandikia, mama. Niliwaita wezi."

Alicheka tena, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akasema pale penye chenga alikuwa huru, na kila siku alisema lake. Wakijaa wavuvi, mwanamke anamnyonga mtoto, wavuvi wanaridhika. Wakijaa wanawake wa sokoni, mwanamke anakwenda kumnyonga baba wa mtoto, wanaridhika zaidi. Alimtaka radhi Ignas kwa kuwa maneno ya siku moja miongoni mwa siku zote hizo hayakumbuki.

"Tulikuwa wawili, mbele kabisa," Ignas akasema. "Tumenyolewa. Mmoja akakimbia."

Bibi aliacha kucheka. Alimtazama kichwani, kama vile nywele zile hazijaota mpaka leo.

"Wale batoto," akasema. "Kumbe njo wewe."

Mteja alikuja na chupa, akampimia, akaondoka. Kisha akaeleza, huku akifunika dumu, kwamba aliviona vile vichwa viwili vinang'aa mbele ya skrini, na hakuhitaji kuambiwa nyumbani kwao kumetokea nini. Alitaka kumwambia Hamdani azime, lakini watu walikwisha kulipa. Alipoona mmoja anakimbia, alikasirika na ule mkanda.

"Mi nikasema, huyu aliyebaki hatatoka hapa na mama wa kunyonga. Niliyosema sikumbuki. Nakumbuka nilikuwa nawaambia nyinyi wawili, na mmoja alikuwa hayupo."

Ignas aliinama akatazama madumu. Alikuja na chuki kidogo moyoni, kwa kudanganywa, na sasa alipoitafuta hakuipata. Alimwomba aje nyumbani kwake Buzebazeba, Jumapili, aisimulie tena. Mama Elida alikataa. Sauti imeisha, na maneno yale yalikuwa ya siku ile. Lakini Ignas akamwambia maneno anayo yeye. Akamsemea, pale pale barazani, neno kwa neno, mtu mzima mwenye mikono ya grisi. Bibi alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikia habari za ndugu yake aliyepotea.

"Nilisema vizuri," akasema mwishoni, akishangaa.

Jumapili ile Diana aliziba madirisha kwa vitenge, na mchana wa Buzebazeba ukabaki nje na kelele zake. Winfrida alikuja kutoka Simbo kwa sababu Diana ndiye aliyempigia, na Diana huwapangia watu mambo yao bila kuwauliza. Winfrida alikataa kiti cha katikati. Akachagua cha karibu na mlango, akakaa na mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitali. Ignas aliweka lile toleo jipya, maana picha zilikuwa safi na hilo angalau kampuni walikuwa wamelitendea haki, kisha akazima sauti yote.

Mama Elida alianza kwa kukohoa, sauti ikiwa nyembamba, na baada ya dakika chache alikuwa amerudi bandani. Alimtania padri. Alimkemea mbwa. Diana alicheka kwa sauti, na hata Winfrida, alipoona uzi wa pazia, pumzi ilimtoka puani. Kisha mwanamke mweupe akatokea juu ya ngazi, na Winfrida akashika mkoba kwa mikono miwili.

Akateremka. Hakuna aliyecheka sasa. Ignas alimsikia dada yake akisogeza miguu, kiti kikilia sakafuni, na akajizuia asigeuke. Mkono ukafika kwenye kitasa. Kabla jogoo hajawika, Ignas alibonyeza rimoti na kuizima televisheni, na sebule yote ikawa giza.

"Mlango unafunguka," Mama Elida akasema gizani. Hakuwa anafasiri tena; alikuwa anazungumza taratibu, karibu. "Anaingia. Watu wamekimbia bure, hakuja kumtisha mtu. Amechoka, ametoka mbali. Anakaa kitandani. Mkono wake huu hapa, anauweka kichwani, kwa huyu, na kwa huyu. Kichwa kimenyolewa, anakipapasa. Anauliza. Mmekula, wanangu?"

Nje pikipiki ilipita, ikaishia mbali. Ignas alijua neno linalofuata, na alilisubiri, lakini bibi alikuwa amenyamaza. Ndipo ikasikika sauti kutoka karibu na mlango, ndogo, isiyo ya mtu mzima.

"Tumekula, mama."

Mama Elida aliacha jibu lile litulie.

"Basi laleni," akasema. "Mimi niko hapa mlangoni."

Kidole cha Ignas kilikuwa juu ya rimoti. Alikuwa na filamu nusu nzima bado, yenye padri na jogoo na moto wa mwisho, na hakuibonyeza. Gizani alimsikia dada yake akiutoa mkoba magotini na kuuweka chini.