Chupa Iliyogoma Kufunguka

Mimi ndiye niliyeanzisha balaa la chupa shuleni kwetu, kwa hiyo yaliyonipata nayasimulia mwenyewe kabla mwalimu wa historia hajayatia chumvi.

Kila kikao cha walimu tulinunuliwa katoni mbili za maji. Chupa tupu zilitupwa kwenye shimo nyuma ya stoo, na kila Ijumaa mlinzi alizichoma. Moshi wote darasani kwangu. Nikasimama kikaoni nikahutubia kama mgombea ubunge. Mwalimu mkuu akakubali, nadhani ili nikae chini: katoni basi, kila mtu aje na chupa yake ya kudumu.

Yangu ilikuwa ya chuma, inang'aa, nikitembea nayo kama kombe la ubingwa. Ole wako nikukute na ya plastiki! Mwalimu wa michezo alikuwa akijificha nyuma ya kabati la ramani kunywa yake.

Jumatatu moja nikaamka na mafua. Mke wangu akanichemshia maji, nikayamimina chupani yakitoka mvuke, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

"Baba watoto, yaache kwanza yapoe."

"Chupa naijua mimi, mama."

Kufika saa nne, kikao kimepamba moto na koo limenikauka kama gunzi. Nikazungusha kifuniko. Wapi! Nikajaribu kwa leso. Nikaibana magotini. Mwalimu mkuu akaacha habari za mitihani, akabaki kunitazama. Mwalimu wa michezo akaomba zamu, na furaha iliyokuwa usoni mwake sitaisahau. Mishipa ya shingo ikamtoka, kifuniko hakikutikisika. Chupa ikazunguka meza nzima, kila mtu na ushauri wake.

Nikaipeleka jikoni. Mpishi wetu, mama mmoja wa maneno machache, akaiinamisha, akatumbukiza shingo ya chupa kwenye maji ya moto, akasubiri kidogo, akashika kifuniko kwa kitambaa na kuzungusha. Tsss!

"Uliifunga ya moto, ikapoa, basi hewa ya nje ikakigandamiza kifuniko," akasema, kama anayemweleza mtoto namna ya kufunga kamba za viatu. "Kwani mwalimu unafundisha somo gani?"

Nikanywa kwanza, funda refu.

"Jiografia," nikajibu.

Nafundisha fizikia. Huu mwaka wa kumi na moja. Na mgandamizo wa hewa nilikuwa nimeufundisha wiki iliyotangulia, tena na mchoro wa rangi tatu.

Kesho yake nikaingia darasani na chupa ile na birika la maji ya moto, nikijifanya ni jaribio nililolipanga siku nyingi. Nikajaza, nikafunga, nikaipoza kwenye ndoo, nikauliza nani ataifungua. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumwite mama mpishi, au utaanza na magoti?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Katoni hazikurudi. Na mtihani wa muhula ulipokuja, swali la hewa walilipata karibu wote. Wengi walichora chupa. Mmoja aliongeza na mtu pembeni, ana kitambi na tai, jasho linamchuruzika. Nilitafuta kosa mchoro mzima, nikalikosa. Nikampa alama zote.