Barua ya Moshi wa Mama Cheryl

“Umenichongea, Laku. Tena kwa Kiingereza, na sahihi ukatia.”

Quinter, Mama Cheryl kwa majirani, alisimama upande wake wa uzio wa matete, barua mkononi, mwiko kwapani. Kesho asubuhi ofisi ya payam, yaani tarafa, ingeamua kama ataendelea kupikia watu uani, na ilitaka neno la jirani. Jirani ndiye huyu Laku, karani aliyesomea Khartoum kwa Kiarabu, na tangu amani itiwe sahihi anakimbizana na Kiingereza cha maofisini kila jioni.

“Wapi mimi imekosea, Mama Cheryl? Nimekusifu mistari sita.”

“Halafu?”

“Halafu ‘on the other hand’. Mwalimu anasema hiyo inapima kitu pande mbili. Upande huu, chakula yako iko tamu. Upande ule, moshi yako inaingia kwa nyumba yangu. Ni uongo?”

Wateja waliokuwa mezani uani kwake wakaacha kutafuna. Mtaa wa Atlabara, hapa Juba, haunyimwi umbea, na huu ulikuwa bado wa moto.

Quinter hakubabaika. Miaka tisa aliandika barua za hoteli Kisumu, na kosa alishaliona. Laku ameandika kama barua za Kiarabu alizozoea: sifa ndefu kwanza, mfano wa salamu, ndipo shida ije mwisho.

“Moshi ni kweli, sikatai,” alisema. “Lakini ukishataja hayo maneno, msomaji anaondoka na kile kinachofuata. Bwana wa payam ataifunga hii barua akikohoa.”

Meza nzima ikacheka. Laku naye akashindwa kujizuia.

“Sasa nitoe moshi?”

“Usitoe. Utanifanya malaika, na hataamini. Tanguliza moshi, sifa zifuate.”

Laku akaandika upya juu ya goti, kisha akawasomea na kuwafasiria: moshi wa Quinter unamsumbua nyumbani, on the other hand, anawalisha walimu, makarani na wauguzi wa mtaa mzima, na sufuria zake ni safi kuliko za hoteli yoyote alikowahi kula.

“Kalas, imeisha,” akasema, akaipitisha juu ya matete.

Quinter aliisoma mara mbili, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akalivuta jiko, pamoja na moto wake, hadi kona ya pili, mbali na dirisha la Laku.

“Zunguka mlangoni, jirani. Samaki wako nimeshamtenga.”