Kijiko cha Abby

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufulia watu nguo, Wamuyu alimfungia binti yake ndani kwa kufuli. Abby alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu azaliwe mwili wake haukuwahi kumtii. Hapo mtaani Kaptembwo nani angekaa naye bure? Pesa za serikali za watu wenye ulemavu mkubwa zingelipa jirani. Wamuyu hakutaka lingine: kufuli itoke mlangoni.

Odongo, mzee wa mtaa, ndiye aliyemweleza kuhusu fomu ya kuomba pesa hizo. "Mathe, pesa ni za yule hawezi kitu bila mtu. Kesho afisa akija, mambo ya kijiko asione."

"Nifiche akili ya mtoto wangu?"

"Akili iache. Ficha kijiko."

Kijiko chenyewe Wamuyu alikuwa amekizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, kisiteleze mkononi. Uji ulimwagika miaka miwili hadi Abby akajua kujilisha. Sasa akakipandisha juu ya kabati.

Afisa, jina lake Cheptanui, alifika saa sita, viatu vimejaa vumbi. Wamuyu akamkaribisha chai, akaweka na bakuli la sukari mezani.

"Anajivalisha?"

"Hapana."

"Choo anaenda peke yake?"

"Hapana."

"Anajilisha?"

Wamuyu akatazama sakafu. "Hapana."

Abby hakuwa na maneno mengi, lakini alisikia yote. Akaguna. Akaburuta mkono mezani hadi kwenye kijiko cha mgeni, kitupu, kisicho na mpira, akachota sukari na kuipeleka mdomoni. Haikudondoka hata punje. Hilo hakuwahi kuliweza. Akamgeukia mama yake akicheka.

"Hongera, mathe," Cheptanui akasema, na alimaanisha. Kisha akaweka alama kwenye fomu. "Siwezi kuandika kinyume cha nilichoona. Anayejilisha hahesabiwi kuwa na ulemavu mkubwa."

"Kwa hivyo ningemwacha asijue?"

Cheptanui alifunga kalamu polepole. "Mwaka ujao mnaweza kuomba tena."

Asubuhi iliyofuata Wamuyu alipakua uji. Abby akanyoosha mkono, akingoja kijiko chake. Wamuyu akatazama juu ya kabati, akakiacha palepale. Akachukua kingine, akakaa karibu na binti yake.

"Fungua mdomo."

Abby alikataa, mkono wake bado uko hewani.

"Fungua, mama. Nachelewa."

Alipomaliza kumlisha, akamfuta kidevu, akatoka, akafunga kufuli.