Ukurasa wa Arobaini na Moja

Hakuwa na mjomba mahakamani wala shangazi wizarani. Hakuwa na sauti ya kutikisa madirisha. Joho la uwakili alilivaa akiwa na miaka thelathini na minane, na Kilatini alichokijua kilikuwa cha majina ya bakteria. Alichokuwa nacho ni miaka kumi na mmoja ya kuosha chupa za maabara mchana na kusoma sheria jioni, vidole bado vinanuka spiriti. Na kuosha chupa si kazi ya kudharau.

Mawakili wenzake walimwita Hadubini, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa heshima. Katika kesi za hataza, ile haki ya mvumbuzi kumiliki alichovumbua, wao waliwasikiliza wataalamu na kutikisa vichwa. Yeye alivaa glavu akaomba aonyeshwe. Kesi tisa za dawa na chanjo alizisimamia, akashinda saba, na zile mbili angekueleza alikosea wapi bila kupepesa macho.

Ya kumi ilikuwa ya mkemia mzee. Kampuni kubwa ilidai kwamba mbinu yake ya kukausha chanjo, isiharibiwe na joto, ni mali yao. Akishindwa, maabara yake inafungwa. Ila alikuwa na daftari: ukurasa wa arobaini na moja ulionyesha kuwa alifanya jaribio lile, mbele ya wanafunzi wawili, miaka miwili kabla kampuni haijaomba hataza. Hadubini alikwisha kuupeleka mahakamani.

Wiki moja kabla ya kesi kusikilizwa, akiupitia tena, jicho lake likanasa kwenye namba ya chupa ya sukari iliyotumika kuikinga chanjo wakati wa kukaushwa. Chupa za kiwanda kilichoitengeneza alikuwa ameziosha kwa mamia. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka. Chupa hii ilitengenezwa mwaka mzima baada ya tarehe ya ukurasa.

Akamwendea mzee maabarani kwake, naye hakuzunguka. Ukurasa halisi uliliwa na asidi, akaunakili upya kwa kumbukumbu, tarehe ile ile, na namba akaisoma kwenye chupa iliyokuwa mezani siku ya kunakili.

"Kwani wewe uliosha chupa au ulifunga nazo ndoa?" akamtania. Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, wale hawajaona."

"Mimi nimeona, mzee wangu."

Akamweleza polepole kwamba jaribio analiamini, ila karatasi ile inadanganya kuhusu siku iliyoandikwa, kwa hiyo wataiondoa. Watasimama na wale wanafunzi wawili tu, na huenda wasitoshe. Mzee alizitazama mashine zake moja moja, kama mzazi anayehakikisha watoto wote wamerudi nyumbani. Mwishowe akasema jaji aandikiwe, na ielezwe wazi kuwa mkono ulionakili ni wake.

Hadubini aliandika mistari kumi na miwili, hakuna kisingizio hata kimoja. Nakala moja ya jaji, nyingine ya wakili wa kampuni. Mzee akatia saini chini ya saini ya wakili wake. Kisha Hadubini akazikunja, akalamba gundi, akazibana bahasha kwa kidole gumba na kumkabidhi tarishi.