Fundi Makochi Aliyetaka Kuzeeka

Wakili alikuwa akichokoa stepla iliyokwama kwa ncha ya kalamu pale fundi makochi alipoingia na mkewe. Karani alimwahi mke kwa kiti, kama anavyostahili mama aliyesindikizwa na mwanawe.

"Huyu ni mume wangu," mke alisema bila hasira. Alishaizoea sentensi hiyo.

Wakili hakuhitaji kuelezwa. Alianza kazi akisajili kampuni na kuandika mikataba ya wenye maduka; kisha wenye maduka wakamletea shida zao za vibali vya ukaazi, na huko ndiko mvi zilikomkuta. Alijua kwamba mtu ambaye ombi lake halijajibiwa hazeeki. Faili likilala, mwenye faili naye hulala. Mwanzoni wateja hufurahi, hujitazama kwenye vioo vya madirisha. Baadaye watoto wao huanza kuwapita umri. Mawakili wachanga hawafundishwi jambo hili chuoni. Hulijua kazini, kama wanavyojua ni lifti ipi ya mahakama hukwama.

Fundi na mkewe waliomba vibali pamoja, wangali vijana. Ombi la mke lilijibiwa mapema. La fundi lilikwama kwa sababu ofisa mmoja alihamishwa meza, na aliyempokea hakutaka kugusa kazi ya mwenzake. Basi, ni hilo tu. Tangu hapo karakana yao ikakua, ikafungua tawi, binti yao akazaliwa, akasoma, akaolewa. Fundi akabaki na mashavu laini kama yai lililomenywa.

"Juzi hospitali," mke alisema, "muuguzi kamwambia, 'Kijana, msaidie bibi avue viatu.'"

"Nikamsaidia," fundi alisema.

"Alinisaidia. Lakini nililia njia nzima."

Fundi akasogeza kiti mbele. "Wakili, mimi nataka kuzeeka. Mwenzangu anakwenda, mimi nimesimama palepale."

"Unajua miaka iliyokwama inavyokuja? Haiji kidogo kidogo. Inakuja kwa mkupuo."

"Na ije."

Barua za kukumbusha zilikuwa sawa na kutwanga maji kinuni, kwa hiyo Wakili akarudi kwenye fani yake ya kwanza. Hakufungua kesi kwa jina la fundi; aliifungua kwa jina la kampuni ya karakana. Akasema kampuni hii imekua kihalali, inaajiri watu, na haiwezi kuongozwa na mtu mdogo kuliko sahihi yake mwenyewe kwenye hati za usajili. Jaji akalala na hoja hiyo wikiendi nzima, akaona ina mantiki, akaiamuru ofisi ya uhamiaji ijibu.

Muhuri uligongwa kwenye kaunta ya uhamiaji, asubuhi yenye jua. Wakili alikuja na kiti cha kukunja, maana aliwahi kumwona mteja akianguka papo hapo na kuvunjika nyonga. Fundi akaketi. Mvi zikaanzia kwenye ndevu, zikapanda. Mgongo ukajikunja, ule mkunjo wa watu walioinamia makochi maisha yao yote. Goti la kulia likavimba. Jino moja likang'oka, akalitemea kwenye leso. Mkewe alimfuata usoni, kunyanzi baada ya kunyanzi, hakutaka limpite hata moja.

"Kumbe una kipara cha baba mkwe!" akasema, akaangua kicheko.

"Goti linauma."

"Litauma sana tu. Njoo, twende taratibu."

Wakashuka ngazi wameshikana mikono, wakibishana ni goti la nani lililo bovu zaidi. Furaha ilimjaa fundi hata akasahau kuaga.

Ofisa aliyegonga muhuri hakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia aombe. Akavuta faili jingine, akasoma jina, akalirudisha chini ya mengine, akaondoka kwenda kunywa chai. Kwenye mabenchi walibaki vijana wengi wazuri wa sura, na kando yao watoto wao wenye mvi.

Wakili akatembea hadi ofisini akipiga mluzi. Kesi kama hiyo haiji mara nyingi, na ikija mtu aifurahie. Mlangoni akamkuta mteja mpya: msichana wa sura ya miaka ishirini hivi, amekaa wima, na mjukuu wake, bwana mmoja mwenye kitambi, amemshikia mkoba.

Wakili akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," msichana akaitikia, kisha akaanza kueleza shida yake.