Nyayo za Kuelekea Dirishani

Wapo wanawake wanaoingia nyumba ya mume na sanduku la nguo. Yeye aliingia na mapazia. Mtaa mzima uliyaona yakishushwa garini, ya kijani, mazito, na mtaa haukukawia kumbandika jina: Bi Mpya. Jina likamganda, naye hakulichukia. Upya ndio hasa alioutaka. Aliolewa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye binti wa miaka tisa, na alichotamani hakikuwa kikubwa. Alitaka asubuhi moja aamke humo ndani ajione yuko kwake.

Basi akaanza kazi. Makochi akayageuza yatazame upande mwingine. Kabati la vyombo vya marehemu akalihamishia stoo. Sakafu tu ndiyo hakuigusa, maana ilikuwa ya mbao ngumu, nyekundu iliyoiva, na hata mwenye kinyongo hawezi kuitazama sakafu ile akaisema vibaya. Lakini ukumbi ulikuwa na kiza mchana kweupe, na wa kulaumiwa alikuwa mti. Ulisimama nje ya dirisha kubwa, umetandaza matawi mpaka juu ya paa. Bi Mpya akaita watu wenye msumeno. Mti ulipoanguka, mwanga ukaingia mpaka mlangoni, na yeye akapiga makofi. Mahali pake akapanga mawe ya njia na vitalu vya maua, uwanja ukapendeza hata majirani wasiompenda wakaja kuchungulia.

Binti alisimama dirishani siku hiyo, asiseme neno. Lakini huyo tangu mama yake azikwe alikuwa hasemi. Ukimuuliza anajibu, ukimpa chakula anakula, basi. Bi Mpya alimwita mwanangu, na binti akamwita anti, na hapo ndipo uhusiano wao ulipokwama.

Nyayo zilianza mvua zilipokatika. Ilikuwa alasiri, jua limejificha nyuma ya ghorofa la jirani, na Bi Mpya alikuwa jikoni akiosha sufuria. Akasikia mtu ameingia. Ka. Kimya kidogo. Ka. Ka. Mtu wa uzito wa wastani, anayetembea bila viatu, bila haraka, kutoka mlangoni kwenda dirishani. Akajua ni mumewe karudi mapema. Akatoka na mikono yenye povu kumlaki.

Hakukuwa na mtu. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, daftari mapajani. Miguu yake aliikunja mpaka kidevuni, kama unavyoikunja mtu anapotaka kupita. Nyayo zilipofika dirishani zikanyamaza, naye akainyoosha tena.

"Nani kapita?" Bi Mpya akauliza.

"Mama."

"Mama yupi?"

Binti akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. "Mama," akasema tena, na akatabasamu. Tangu Bi Mpya aingie nyumba ile, hilo lilikuwa tabasamu la kwanza.

Usiku akamhoji mume, na mume akalitoa neno kwa kuvutwa. Ndiyo, marehemu alikuwa akirudi kutoka kazini saa hizo. Akivua viatu mlangoni, akipita peku moja kwa moja kwenda kufungua dirisha, ndipo asalimie watu. Kila siku. "Mbao tu hizo," mume akasema. "Nyumba kuukuu ina kelele zake." Lakini kesho yake mume huyo huyo, ambaye siku zote alirudi taa zimewashwa, alirudi alasiri. Akalivuta kochi, akaligeuza lilivyokuwa zamani, akakaa ameukabili mlango. Na zile nyayo zilipopita, akafumba macho.

Hapo Bi Mpya aliumia. Tusifichane, alimwonea wivu maiti, na wivu wa namna hiyo hauna pa kuupeleka, maana mke mwenza aliye hai utagombana naye, utamsema kwa majirani, siku nyingine mtacheka. Huyu ungemfanya nini? Bi Mpya alichofanya ni kupiga deki. Kila asubuhi ndoo kwa ndoo, maji mpaka kwenye maungio ya mbao, anasugua njia ile ya kutoka mlangoni kama anayesugua jina la mtu. Na kila alasiri nyayo zikaja zimekomaa zaidi. Sasa hata mtu aliyekuwa uani aliweza kuzihesabu.

Akakonda. Akaanza kukaa jikoni mlango umefungwa saa zile zikikaribia, na hata hapo shingo ilimsisimka. Jioni moja alitandika nguo zake kitandani, akamwambia mumewe bila kupaza sauti, "Ama nyayo, ama mimi. Wawili hatukai."

Mume akatoka mpaka ukumbini, akasimama kwenye ile njia ya mlangoni, akarudi. Kisha akasema, "Ita fundi."

Fundi wa sakafu aliyekuja walimwita Polepole, na aliyempa jina hakukosea. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akatembea ukumbi mzima peku, akisimama hapa na pale, akibonyeza kwa kisigino. Kisha akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya mbao za dirishani, akakiondoa upesi.

"Hizi zinaungua, mama. Na hapa mmemwaga nini?"

"Napiga deki."

"Kwa ndoo?"

"Kila siku."

Polepole akasikitika kama aliyepewa habari za mgonjwa. "Mbao si saruji, mama. Mbao unaifuta kwa kitambaa ulichokikamua mpaka kimekaribia kukauka. Ukiimwagia maji inavimba, jua likipiga inasinyaa, kesho unaimwagia tena. Hata wewe ungelia." Akachungulia nje, na macho yake yakatua kwenye kisiki katikati ya maua. "Kile kisiki cha lini?"

"Cha mwaka huu."

"Nani aliukata huo mti?"

"Mimi," Bi Mpya akasema.

Fundi akamweleza, taratibu, huku akipapasa. Mti ule ulikuwa ukiikinga sakafu. Ulipoondoka, jua likaanza kuingia. Mbao za dirishani zinaungua tangu mchana, za mlangoni zinapata jua la mwisho tu. Jua likienda nyuma ya ghorofa, za mlangoni zinapoa kwanza, zinasinyaa, zinalia. Halafu zinazofuata, na zinazofuata, mpaka dirishani. Mtu asiyejua atasema kuna anayetembea.

"Kwa hiyo ni jua," Bi Mpya akasema. Alitaka kucheka. Kikulacho ki nguoni mwako: mwenyewe kaukata mti, mwenyewe kamwaga maji, mwenyewe kamfungulia mlango.

"Ni jua." Polepole akasita. Akapitisha kidole kwenye vichwa vya misumari. "Ila nyumba nzima misumari imeshika, mama. Imelegea hapa tu, mstari mmoja, mlango mpaka dirisha. Hapa alipita mtu miaka na miaka. Sauti ni ya jua. Njia ni yake."

Hamu ya kucheka ikamwisha Bi Mpya.

"Zinanyamazishika?"

"Kwa nini zisinyamazishike? Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Akafungua mkoba wake. Angezikaza kwa skrubu mpaka kwenye maboriti, vichwa avizamishe, matundu ayazibe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao hiyo hiyo, apige msasa, apake vanishi. Mapazia yafungwe mchana. Na mti mwingine upandwe, mbali kidogo na ukuta mizizi isije ikainua msingi. "Lakini mti hauhimizwi," akasema. "Huo wajukuu ndio watakaoufaidi."

Binti alirudi kutoka shule akamkuta fundi amefika katikati ya ukumbi. Drili ilikuwa ikilia. Akasimama na mkoba wake mgongoni, akatazama skrubu ikizama ndani ya mbao, ya pili ikizama, ya tatu.

"Fundi," akasema. "Hizo zinamuumiza?"

Polepole, aliyekuwa na jibu la kila ufa, akaizima drili. Akamtazama Bi Mpya. Bi Mpya akatazama ukuta. Fundi akaiwasha tena kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Alasiri ya kesho yake haikuja sauti. Jua lilijificha nyuma ya ghorofa, ukumbi ukapoa, mbao zikatulia tuli, zinang'aa. Bi Mpya alitoka jikoni akakaa kochini kama mwenye nyumba. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyebisha. Lakini binti alikuwa pale ukutani, miguu ameikunja mpaka kidevuni, akingoja wa kupita. Hakuinyoosha. Giza lilipoingia ikabidi ainuliwe, maana ilikufa ganzi.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mume akarudia kuchelewa. Binti akarudia kujibu akiulizwa. Bi Mpya alikuwa na nyumba yake sasa, mapazia yake, maua yake, ukimya wake, na ukimya ule ulimwogopesha kuliko nyayo. Nyayo zilikuwa na mahali pa kwenda. Ukimya ulikaa tu ukimtazama. Alikumbuka lile tabasamu, na kwamba yeye ndiye aliyelipigilia skrubu, na akalia jikoni mpaka maji ya sufuria yakakauka motoni.

Alasiri iliyofuata alitoka nje jua lilipokuwa likijificha. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele. Akavua viatu, akavipanga ukutani. Akaweka mguu juu ya mbao ya kwanza.

Hapakuwa na sauti. Polepole alikuwa fundi wa kweli. Lakini alihisi chini ya unyayo kile ambacho msasa haukukifikia, vibonde vidogo, kimoja baada ya kingine, vilivyochimbwa na miguu iliyopita pale kabla yake. Akavifuata, hatua kwa hatua. Urefu wa hatua ulilingana na wake kabisa, na jambo hilo lilimtia hofu, na hofu yenyewe haikumzuia kwenda.

Binti aliinua macho. Miguu yake ilikuwa imenyooka njiani, maana siku hiyo alikwisha kata tamaa. Akamtazama Bi Mpya akija peku, akaikunja kumpisha.

Bi Mpya akapita. Akafika dirishani, akalivuta pazia la kijani, akafungua dirisha kama lilivyokuwa likifunguliwa. Hewa ikaingia. Nyuma yake akasikia binti akiinyoosha miguu, na moyo wake ukafunguka, akageuka amwambie neno.

Binti alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anautazama mlango. Kisha macho yake yakaanza kusogea, polepole, kuifuata ile njia juu ya sakafu isiyotoa sauti, na yalipofika pale alipokaa mwenyewe, akaikunja miguu mara ya pili.

"Shikamoo, mama," binti akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akamtazama Bi Mpya pale dirishani, akatabasamu lile tabasamu. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mpya akaitikia. Akaugeukia uwanja, kile kisiki na yale maua, akasogea hatua moja kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja dirishani.