Midomo ya Kasuku Mbele ya Skrini

Siku ya daktari bingwa, shangazi mtu aliamka na sanduku lake la urembo. Alimpaka mtoto, Kasuku, mafuta mpaka akang'aa, akamtia poda, akamkoleza midomo kwa rangi nyekundu, akamalizia na kucha: zambarau iliyoiva, kidole kwa kidole.

"Unakwenda kuonwa na watu wa mjini," alisema. "Wasije wakasema kwetu watoto hawaogi."

Fundi cherehani, mama wa mtoto, alitazama tu. Binti aliyeitwa Kasuku kwa kuropoka kutwa kucha sasa hakuweza kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi. Kubishana na wifi asubuhi ile kungezua vita, na fundi hakuwa na nguvu za kupoteza. Bingwa peke yake ndiye angeweza kuamuru gari la wagonjwa limpeleke mtoto hospitali kubwa. Bila neno lake, gari halitoki.

Wakaketi katika chumba cha zahanati, mbele ya skrini iliyozinduliwa kwa utepe na hotuba ndefu, kama kilivyozinduliwa kisima kisichotoa maji, na chumba cha upasuaji ambacho mpaka leo ni stoo ya saruji. Wakubwa wanadhani watu husahau. Fundi hakusahau. Ni chumba hiki hiki mumewe alimoambiwa ana uchovu tu, akapewa vidonge vya maumivu, akafa vingine vikiwa bado mfukoni. Na ukoo mzima ulishukuru, maana ndivyo walivyofundishwa: daktari akisema, unashukuru.

Bingwa akatokea kwenye skrini, mwanamke wa makamo, miwani puani, sauti imechoka.

"Hujambo, mrembo?"

"Shikamoo," Kasuku alinong'ona.

Shangazi akajichomeka mbele. "Hajambo kabisa, daktari! Si unaona alivyonawiri?"

"Naona. Midomo ina rangi nzuri. Nesi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasemaje?"

Nesi alikitikisa kile kibanio. "Kinasoma, kinaacha. Nadhani ni betri. Ila moyoni nasikia mvumo."

"Mvumo peke yake watoto wengi wanao. Kwa ninavyomwona, anaweza kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Wenzenu wa zahanati nyingine wananingoja."

"Sawa, daktari." Kidole cha nesi kikaenda kwenye kitufe.

Fundi akamdaka mkono. "Usikate."

"Mama, kuna foleni..."

"Usikate, nimesema! Daktari, huyo unayemwona si mwanangu. Hiyo ni kazi ya wifi yangu."

Akalowanisha upindo wa kanga kwa mate, akamsugua mtoto mdomo. Wekundu ukatoka. Chini yake midomo ilikuwa na rangi ya wino uliomwagiwa maji.

"Wifi, unaniumbua mbele ya watu!"

"Nyamaza, wifi. Utanitukana kesho."

Bingwa akasogea mpaka uso ukajaa skrini. Uchovu ulikuwa umemtoka. "Nesi, ondoa hiyo rangi kwenye kucha, ndiyo inayoziba kipimo. Haraka."

Zahanati haikuwa na dawa ya kuondolea. Fundi akachomoa kwenye pochi wembe wake wa kufumulia mishono, akaanza kukwangua. Katikati ya kazi picha ikaganda, mdomo wa bingwa wazi, sauti hakuna. Nesi akalaani mtandao kwa maneno ambayo nesi hapaswi kuyajua. Fundi hakuinua macho. Picha iliporudi, rangi ilikuwa imetoka ukuchani na kibanio kimeshabanwa.

Nesi akasoma namba, akaisoma tena. "Sitini na nane, daktari. Hata tisini haifiki."

"Mkalisheni, asilale. Oksijeni sasa hivi. Na gari lije sasa hivi!"

Nesi akapiga simu, akasikiliza, akaishusha taratibu. "Gari limekwenda kubeba viti. Mheshimiwa ana mkutano."

"Viti?"

"Viti, daktari."

Fundi aliwaona wakianza kuinamisha vichwa, nesi na hata wifi, kama siku ile ya vidonge. "Inueni vichwa!" alifoka. "Daktari, tufanyeje?"

"Mpeni dereva namba yangu, anieleze mimi hivyo viti. Na skrini hii haizimwi mpaka nilione gari mlangoni."

Wakangoja. Oksijeni ilifoka puani kwa Kasuku, na fundi alimshikilia wima kifuani pake, akiusikia ule moyo mdogo ukidunda ovyo.

Honi ikalia. Dereva akaingia akijitetea: "Nusu ya viti bado imo. Nikivifikisha tu, narudi..."

Shangazi alikuwa ameshampita. Kiti cha kwanza kikatua vumbini, kikafuata cha pili.

"We mama! Vya mheshimiwa hivyo!"

"Akae chini! Sisi tumekaa chini miaka yote, tumekufa?"

Nesi akaigeuza skrini ielekee mlangoni. Fundi alipita na mtoto mikononi, mtungi wa oksijeni ukiburutwa nyuma yao, bila kugeuka wala kushukuru.

"Nimeliona," bingwa alisema. "Nendeni. Nawapigia wenzangu wampokee."